Mashine pepe za kujaribu programu ya kugawana faili: tulivyozipanga hapa Kisumu

JaNyando | Kisumu

Hamjambo wadau. Niliwaahidi watu watatu humu kwamba nitaeleza jinsi tulivyopanga mashine pepe (kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta moja) za kujaribu programu yetu. Nimekawia kwa sababu kila nikianza kuandika tunapata kasoro nyingine. Leo naandika hivyo hivyo.

Programu yenyewe hugawana faili kati ya kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani, bila intaneti. Tuliwaandikia walimu wa shule moja ya upili upande wa Ahero. Kila mwalimu ana laptopu yake: nyingi ni Windows 10, mbili Ubuntu (aina ya Linux), na moja ni Mac ya mwalimu wa muziki. Mwalimu akiweka orodha ya alama kwenye folda, wenzake wanaipata kupitia ruta iliyo katika chumba cha walimu.

Muhula uliopita stima ilipotea mchana, faili ikiwa njiani. Laptopu moja betri yake ilikufa kitambo, kwa hiyo ilizima papo hapo. Stima iliporudi, orodha ya alama za kidato cha tatu ilikuwa na jina lake kamili, na ndani hakuna kitu. Programu yetu ikaiona ile tupu kuwa ndiyo mpya, ikaisambaza kwa walimu wote. Mwalimu wa darasa alikaa hadi usiku akiingiza alama upya kutoka kwenye karatasi. Aliponipigia simu hakugomba. Aliuliza tu: "Kwani nyinyi huijaribu wapi kabla ya kutuletea?"

Tulikuwa tukiijaribu kwenye laptopu zetu mbili. Zote Ubuntu, zote na betri nzima, mezani pamoja, ruta hatua mbili kutoka hapo. Tulikuwa tunapima programu katika maisha ambayo yule mwalimu hana.

Ndipo tukanunua kompyuta ya mezani iliyotumika, memori GB 32 na SSD ya TB 1, tukaweka Debian, ambayo pia ni Linux, na KVM, programu ya kuendesha mashine pepe. Sitabishana kuhusu KVM na VirtualBox, tumieni mnayoijua. Sisi tulichagua KVM kwa sababu kila kitu kinaamrishwa kwa maandishi, na skripti haihitaji dirisha wala kipanya.

Kanuni yetu ni hii: hakuna mashine pepe inayoishi zaidi ya jaribio moja. Tuna diski ya msingi ya kila mfumo, imewekwa sasisho zote, halafu haiguswi tena. Jaribio likianza, tunaunda tabaka jembamba juu yake:

`qemu-img create -f qcow2 -F qcow2 -b msingi-ubuntu.qcow2 a1.qcow2`

Tabaka hilo huanza likiwa dogo sana, kwa sababu huandika tu yale yanayobadilika. Jaribio likiisha tunalifuta. Mashine ya kesho haijui lolote la jana. Jambo hili pia limetuokolea bando: Windows ilipakuliwa mara moja tu, usiku, na vifurushi vya Ubuntu vinapita kwenye apt-cacher-ng ambayo inaviweka kwenye diski yetu. Mtu akiunda mashine upya kutoka intaneti kila mara, hapa kwetu atafilisika kabla ya kupata kasoro ya kwanza.

Mac haiingii kwenye boksi hilo. Leseni ya Apple inaruhusu macOS iendeshwe kama mashine pepe kwenye kompyuta ya Apple tu, na isizidi mbili kwa wakati mmoja. Tumeazima Mac mini, imeunganishwa kwa waya kwenye swichi moja na lile boksi.

Nitaendelea kesho. Kuna habari ya kloni, yaani mashine zilizonakiliwa, ambayo lazima niieleze polepole.

---

Kakamega_Bash

Mulembe. Kazi nzuri. Lakini ndugu, kwa nini usitumie kontena, zile zinazotenga programu ndani ya mfumo mmoja? Kontena ishirini za Docker zitakaa kwenye memori hiyo bila shida, na zinaamka kwa sekunde moja. Mashine pepe ni nzito bure.

---

JaNyando

Kakamega_Bash, tulianza na kontena, na bado tunazitumia kwa majaribio ya haraka ya mawasiliano. Lakini kontena zote zinatumia keneli moja, yaani kiini kimoja cha mfumo, ya mashine mama (kompyuta inayozibeba). Kontena haina Windows ndani yake, haina NTFS (mpangilio wa diski wa Windows), haina antivairasi inayoshika faili yako wakati unataka kuibadilisha jina.

Hilo la mwisho lilitutesa wiki mbili. Kwenye Linux unaweza kufuta faili ambayo mtu mwingine ameifungua, na mambo yanaendelea. Kwenye Windows unaambiwa hapana. Programu yetu hupokea faili kwa jina la muda, halafu huibadilisha kuwa jina la kweli. Pale inapomaliza kupokea, antivairasi ya Windows inaifungua kuichunguza, na kubadilisha jina kunakataliwa. Ukijaribu tena baada ya nusu sekunde inakubali. Kwenye kontena usingeliona hilo hata mwaka mzima.

Tena kontena huwezi kuikatia stima. Ukiiua, keneli iko hai, na chochote kilichokuwa kinasubiri kuandikwa kwenye diski kitaandikwa tu.

---

Section58 | Nakuru

Nafuatilia kutoka Nakuru. Sisi tunafanya kazi inayofanana, ila wateja wetu wengine wako Uingereza. Nina mambo matatu.

La kwanza ni onyo kwa wanaotumia VirtualBox. Hali ya mtandao inayokuja nayo ni NAT (kutoka nje kwa anwani ya mashine mama), na kila mashine pepe inapewa anwani ile ile 10.0.2.15, kila moja peke yake nyuma ya ukuta wake. Zinaona intaneti, lakini hazionani. Nimemwona kijana amekaa siku nzima akitafuta kasoro kwenye msimbo wa kutafutana, na msimbo ulikuwa sawa. Weka kadi ya pili ya mtandao, ya "host-only" au "internal", na majaribio yapite huko.

La pili ni majina ya faili. Kikwetu tuna ĩ na ũ. Mwalimu akiandika "Mũthoni.docx", ile ũ inaweza kuhifadhiwa kwa njia mbili: kama herufi moja, au kama u ikifuatwa na alama ya juu peke yake. Kwa macho ni kitu kimoja. HFS+, mfumo wa diski wa Mac za zamani, ulikuwa ukiitenganisha. Linux hailinganishi herufi, inalinganisha baiti. Kwa hiyo faili ikitoka kwenye Mac ya zamani, ikaenda Linux, ikahaririwa huko na mtu aliyechapa jina upya, unapata faili mbili zenye jina moja, na kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo ya kweli. Kama majaribio yenu yana majina ya "test1.txt" na "test2.txt" peke yake, hamjajaribu kitu. Wekeni majina ya watu.

La tatu ni flashi. FAT32, mpangilio wa diski unaotumika kwenye flashi, hupiga muhuri wa saa kwa hatua za sekunde 2, na huandika saa ya mahali ulipo, si UTC (saa ya pamoja ya dunia). Kenya hatubadilishi saa, kwa hiyo majaribio yote yalipita hapa Nakuru. Kwa mteja wa Uingereza, saa zilipobadilishwa mwezi wa Machi, kila faili iliyopitia flashi ilionekana imebadilika, na programu ikaanza kutuma upya folda nzima. Tangu siku hiyo mashine pepe moja yetu inaishi kwa saa za London.

---

JaNyando

Section58, hilo la ũ limenigusa. Katika shule yetu majina mengi ni ya Kijaluo na Kiluhya, hayana alama hizo, basi hatukuwa tumefikiria kabisa. Nimeongeza leo.

Sisi tulinaswa na majina kwa njia nyingine. Mwalimu wa muziki kwenye Mac aliita faili "Mtihani 12/3.docx", tarehe ya mtihani. Finder, programu ya Mac ya kuonyesha faili, inamruhusu. Lakini chini kwenye diski, Mac huandika nukta mbili mahali pa mkwaju, kwa hiyo jina linalosafiri ni "Mtihani 12:3.docx". Windows ikipokea jina hilo, nukta mbili kwenye NTFS ina maana nyingine: inafungua mkondo wa pembeni ndani ya faili. Matokeo yake, kwenye folda kulionekana faili inaitwa "Mtihani 12", ukubwa sifuri. Maandishi yote yalikuwa mle ndani, kwenye mkondo ambao hakuna mwalimu angeuona. Na programu yetu ikaripoti kwamba imefaulu, kwa sababu Windows haikulalamika.

Kwa hiyo sasa tuna folda tunayoiita "majina mabaya", inapita kila usiku kati ya mifumo yote mitatu. Kuna nukta mbili, alama ya kuuliza, jina linaloishia na nafasi au nukta, "Alama.xlsx" na "ALAMA.xlsx" kwenye folda moja, majina ya CON na AUX ambayo Windows inayakataa, njia ndefu kupita herufi 260, Ng'ong'a kwa kila aina ya koma ya juu, na sasa Mũthoni kwa njia zote mbili.

Sasa kloni.

Mwanzoni tulisakinisha programu yetu kwenye diski ya msingi, tukaifungua mara moja kuona kama inafanya kazi, ndipo tukaanza kutoa tabaka. Programu ikifunguliwa mara ya kwanza hujitengenezea ufunguo na cheti, na hicho ndicho kitambulisho chake kwa wenzake. Kwa hiyo mashine zote zilizozaliwa hapo zilikuwa na kitambulisho kimoja. Mashine A1 inaita "kuna mtu?", A2 inasikia, inaangalia kitambulisho, inasema "aa, ni mimi mwenyewe", inanyamaza. Majaribio yetu ya kwanza yalionyesha kwamba programu haipati wenzake kabisa. Tulibadilisha msimbo uliokuwa mzima.

Tulipotatua hilo likaja la pili. Mashine mbili za Ubuntu zikapewa anwani moja ya mtandao ingawa namba za kadi zao za mtandao (MAC, si kompyuta ya Mac) zilikuwa tofauti. Sababu ni kwamba Ubuntu ya seva inajitambulisha kwa DHCP (huduma inayogawa anwani) kwa kitu kinachotokana na `/etc/machine-id`, na faili hiyo ilikuwa imeigwa pamoja na diski. Dawa ni kuifanya iwe tupu kabla ya kufunga diski ya msingi:

`truncate -s 0 /etc/machine-id`

Funguo za SSH (huduma ya kuingia kwa mbali) za mashine pia zifutwe. Iko amri ya `virt-sysprep` inayofanya haya yote kwa mkupuo, na kwa Windows iko Sysprep. Lakini hakuna chombo kinachojua kitambulisho cha programu yako mwenyewe. Hicho ni juu yako. Isakinishe, usiifungue.

---

NyalendaNet | Kisumu

Omera, na faiwoli ya Windows mliivukaje? Mimi kila nikiweka Windows kwenye mtandao uliofungwa haijibu kitu.

---

JaNyando

NyalendaNet, mtandao wetu wa majaribio hauna njia ya kutoka nje, kwa makusudi. Windows ikikosa kuona lango la kutokea, inasema huu ni mtandao usiojulikana, inauweka kundi la "Public", na inakataa wanaobisha kutoka nje. Nilikuwa karibu kuizima faiwoli kwenye diski ya msingi nipumzike.

Mwenzangu akanizuia. Aliniuliza: laptopu za walimu ziko kundi gani? Tukaenda shuleni kuangalia. Karibu zote ziko "Public", kwa sababu Windows ilipouliza, mwalimu alibonyeza "No". Kwa hiyo tatizo la kwenye boksi lilikuwa tatizo la shuleni pia. Tulirekebisha kisakinishi chetu kiongeze ruhusa ya programu kwenye faiwoli kwa makundi yote, na mashine pepe tumeziacha zilivyo.

Hili limejirudia mara nyingi hadi nimelifanya tabia. Mashine pepe ikikataa kufanya kazi, kabla sijaitengeneza najiuliza kama kuna mwalimu ambaye laptopu yake iko hivyo.

Saa ni mfano mkubwa. Windows husoma saa ya ubao mama wa kompyuta kama saa ya mahali ulipo, Linux huisoma kama UTC, na sisi tuko masaa 3 mbele ya UTC. Nilitengeneza mashine pepe za Windows kwa mpangilio wa Linux, zikawa masaa 3 nyuma. Bila intaneti hakuna seva ya saa ya kuzirekebisha. Programu yetu wakati huo ilikuwa na sheria moja: faili yenye muhuri wa karibuni inashinda. Mwalimu wa Ubuntu anahifadhi saa tatu asubuhi. Wa Windows anaifungua saa nne, anaongeza alama za darasa zima, anahifadhi. Muhuri wake unasema saa moja. Kazi yake inatupwa, ile ya zamani inarudishwa juu yake, na hakuna onyo.

Kurekebisha mashine pepe ni mstari mmoja, `<clock offset='localtime'/>`. Tukauweka. Halafu tukakumbuka laptopu za zamani ambazo betri ndogo ya saa imekufa, zinazoamka kila asubuhi zikidhani ni miaka mingi iliyopita. Hizo ziko shuleni, si kwenye boksi letu. Kwa hiyo sheria ya muhuri wa saa tuliiondoa. Sasa kila kompyuta inahesabu mabadiliko yake yenyewe na kuzituma hesabu hizo pamoja na faili, na ikiwa watu wawili wamebadilisha bila kuonana, zote mbili zinabaki, moja inapewa jina la pembeni. Syncthing, programu nyingine ya kugawana faili, inafanya hivyo pia, huongeza "sync-conflict" kwenye jina. Tumebakiza mashine pepe moja ya Windows yenye saa mbovu na haitarekebishwa.

---

MwalimuWaButere

Mimi nafundisha somo la kompyuta, si mwandishi wa programu wa kulipwa. Nina laptopu moja ya GB 8. Je, nijaribu haya au nisubiri nikipata mashine kubwa? Na Windows mnapata wapi kihalali?

---

JaNyando

Mwalimu, karibu sana, na usisubiri. Kwa GB 8, weka Linux ya seva isiyo na madirisha, ipe GB 1, na Windows moja uipe GB 4. Mashine mbili zinatosha kuona mengi ya haya niliyoandika. Usiziamshe kwa pamoja, hasa kama diski yako si SSD. Amsha moja, subiri itulie, ndipo uamshe ya pili.

Windows ya majaribio Microsoft wenyewe wanaitoa, toleo la Enterprise, siku 90. Angalia tarehe. Siku zikiisha, Windows hiyo inajizima yenyewe kila baada ya saa moja. Andika tarehe ya mwisho kwenye jina la diski. Sisi yetu inaitwa hivyo.

Jambo moja zaidi kwa anayeanza: usitumie folda ya pamoja ya VirtualBox, ile inayounganisha mashine mama na pepe, kama mahali pa kujaribu programu inayosubiri kuambiwa faili imebadilika. Ukibadilisha faili upande wa mashine mama, Linux iliyo ndani haipewi taarifa na inotify, njia ya Linux ya kuarifu kwamba faili imebadilika. Utadhani programu yako ni kiziwi.

---

NyalendaNet

Niongeze la mtandao, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Mtandao kati ya mashine pepe ni mzuri mno, hakuna shule yenye mtandao kama huo. Ndani ya Linux chafua hivi:

`tc qdisc add dev enp1s0 root netem delay 150ms loss 4%`

Hapo kila pakiti inachelewa na nne katika kila mia zinapotea. Na ruta nyingi za Wi-Fi, hasa zile zilizowekwa na fundi aliyekuwa na haraka, zinazuia vifaa vya Wi-Fi visionane. Kila laptopu ina intaneti na hazionani. Kwa libvirt (chombo cha kusimamia mashine za KVM) unaigiza hali hiyo kwa kuweka `<port isolated='yes'/>` kwenye kadi za mashine. Programu haiwezi kuvuka hapo, lakini angalia inamwambia nini mtumiaji.

---

JaNyando

Erokamano, NyalendaNet. Ya kwetu ilikuwa haimwambii kitu. Inazungusha duara tu. Nimeiandika kwenye orodha ya wiki hii.

Sasa nifike kwenye stima, kwa maana ndiyo iliyotuleta hapa.

Libvirt ina amri inayoitwa `virsh destroy`. Jina linatisha lakini haifuti chochote. Ni sawa na kuchomoa plagi: mashine pepe inazimika katikati ya neno. Diski yake inabaki kama ilivyokuwa sekunde ile.

Jaribio linakwenda hivi. Skripti, iliyoandikwa kwa Python na pytest, inaamsha mashine tatu. Inaweka faili kubwa kwenye A1. Inasubiri muda wa bahati nasibu, kuanzia sehemu ya sekunde hadi sekunde arobaini, halafu inamkatia A2 stima. Inaiamsha tena. Halafu inahesabu SHA-256 (heshi, yaani alama ya utambulisho inayotokana na yaliyomo) ya kila faili kwenye mashine zote na kuuliza maswali mawili tu. Je, iko faili yoyote yenye jina la kweli ambayo yaliyomo si ya zamani kamili wala mapya kamili? Na je, baada ya muda mashine zote zinafanana?

Kwa nini hadi sekunde arobaini? Kwa sababu Linux ikiambiwa "andika", kwa kawaida inaweka kwenye memori kwanza, na inaweza kukaa nayo kama sekunde 30 kabla ya kuipeleka kwenye diski. Ukikata stima haraka tu, au baada ya kumaliza tu, utakosa dirisha lenyewe. Na ule muda wa bahati nasibu, hifadhi mbegu yake (namba iliyouzalisha) kwenye logi. Kasoro ikitokea saa tisa usiku unataka kuirudia saa mbili asubuhi ikiwa ile ile.

Tuliendesha usiku wa kwanza, asubuhi tukakuta ile faili tupu. Jina kamili, ndani hakuna kitu, kama ya yule mwalimu. Sina namna ya kuwaeleza tulivyofurahi kuiona. Miezi miwili ilikuwa hadithi ya kwenye simu, sasa iko mbele yetu na tunaweza kuiita tukitaka.

Kasoro ilikuwa kwenye mpangilio. Tulikuwa tunaandika faili ya muda, tunabadilisha jina, tunawaambia wenzetu "nimepokea". Hatukuwahi kuuambia mfumo usukume data kwenye diski. Mpangilio sahihi ni huu: andika faili ya muda, ifanyie fsync (amri ya kusukuma data kwenye diski), badilisha jina, fanyia fsync folda yenyewe, ndipo useme umepokea. Kwa Windows faili inasukumwa kwa FlushFileBuffers. Kwenye Mac fsync ya kawaida haihakikishi kwamba diski yenyewe imeandika, unahitaji F_FULLFSYNC. Pia tuliongeza ukaguzi wa heshi programu inapoamka, kabla haijatangaza faili yoyote kwa wenzake. Hilo la mwisho ndilo lingemwokoa mwalimu hata kama mengine yote yangeshindwa.

Inapunguza kasi, ndiyo, hasa kwa faili ndogo nyingi kwenye diski za kuzunguka. Tumekubali.

---

Kakamega_Bash

Nimekubali habari ya mashine pepe. Lakini nina shaka moja. `virsh destroy` inaua mashine pepe, mashine mama bado iko hai. Yale ambayo mashine pepe ilidhani imeandika yako kwenye memori ya mashine mama, na yatafika kwenye diski. Stima halisi ikipotea hayafiki. Kwa hiyo jaribio lenu ni laini kuliko ukweli.

---

JaNyando

Ni kweli kabisa. Jaribio linakamata data iliyopotea ndani ya memori ya mashine pepe, na hapo ndipo kasoro za programu yetu zilipo. Halikamati uongo wa diski yenyewe. Kwa hilo tuna laptopu kuukuu isiyo na betri. Kila Ijumaa jioni inapokea faili huku mmoja wetu anachomoa waya kwenye soketi, mara kumi, na tunaandika matokeo kwa mkono. Tukipata soketi inayowashwa na kuzimwa na skripti tutaacha kuchomoa.

Na usizisubiri mashine kwa kulala sekunde maalum, nimesahau kusema. Tulikuwa na "lala sekunde 30, halafu kagua". Siku boksi lina kazi nyingi, sekunde 30 hazitoshi, jaribio linaanguka bila kosa, na baada ya wiki moja watu wanaacha kuyaamini majaribio. Chungulia kila sekunde hadi hali ifike, na uweke kikomo kirefu.

---

Section58

Mnayatumiaje matokeo? Nani anaamka kuyasoma?

---

JaNyando

Saa kumi na mbili asubuhi ujumbe unakuja kwenye kikundi chetu: kilichoanguka, mbegu, mifumo husika. Jaribio likianguka hatufuti tabaka za mashine zake. Zinabaki hadi mtu azifungue na kuangalia mle ndani. Hiyo ndiyo faida ya tabaka, unahifadhi mahali pa tukio kwa diski kidogo.

---

MwalimuWaButere

Nimerudi. Nilifuata maagizo kwa laptopu yangu ya GB 8, Debian na Windows, mtandao wa ndani wa VirtualBox. Ilichukua siku mbili za wikendi. Sikuwa na programu yenu, kwa hiyo nilijaribu ile tunayotumia hapa shuleni, ya kunakili kazi za wanafunzi kutoka maabara. Nimekata stima mara kumi na mbili kwa `VBoxManage controlvm`. Mara mbili nimepata faili yenye jina kamili na ukubwa sahihi, lakini nusu ya mwisho ni sifuri tupu. Ukubwa ni sahihi! Ningekuwa naangalia ukubwa peke yake ningesema ni nzima.

Wanafunzi wangu wana kazi za mradi kwenye mashine hizo. Nifanye nini leo, kabla ya kumwandikia mwenye programu?

---

JaNyando

Mwalimu, leo usifute chochote kwenye kompyuta za maabara, hata kama programu inasema imenakili. Endesha `sha256sum` kwa nakala zote za upande wa Linux, na kwa Windows tumia `certutil -hashfile`, jina la faili, halafu `SHA256`. Linganisha. Zisizofanana, nakili upya kwa mkono kwa flashi na ulinganishe tena.

Halafu zile tabaka mbili zenye faili mbovu zihifadhi, pamoja na dakika uliyokata stima. Mwenye programu atakuuliza hizo kwanza. Kama maabara ni kubwa nitumie ujumbe wa faragha, Jumamosi nitakuwa Luanda ya Vihiga, nitapanda matatu nije tulinganishe pamoja.